Maswali kwa Fundi: Windows 10 nimeizoea, nihame?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nina steshenari Makorora, hapa hapa Tanga, jirani na shule. Natoa kopi, naprinti, naskani, nawajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira, na msimu wa harusi ukifika natengeneza kadi za michango. Nina kompyuta mbili za mezani. Moja ni Dell OptiPlex 3020 yenye Windows 10, hiyo ndiyo inayoshinda kwenye intaneti. Nyingine ni ya zamani zaidi, ina Windows 7 na Publisher 2010, ni ya kadi tu na ndiyo iliyoungwa na printa yangu ya siku zote. Tangu Oktoba mwaka jana ile ya Windows 10 inaniletea tangazo kwamba muda wake umekwisha. Mwanangu anasema zote mbili zipigwe Windows 11, kuna kijana Ngamiani anaipiga kwenye kompyuta yoyote ile. Mimi Windows 10 naijua kama jikoni kwangu. Nikianza kutafuta kitu gani kimehamia wapi, wateja wataondoka waende kwa jirani. Je, kuhama ni lazima? Na nikibaki, kuna siku itazima yenyewe?
Mama wa steshenari, Makorora

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Nianze na hofu yako ya mwisho: haitazima. Windows 10 itawaka kesho na mwakani kama inavyowaka leo, Word itafunguka, printa itatoa karatasi. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni kitu ambacho hukuwa unakiona, yaani zile apdeti za usalama zilizokuwa zikija kila mwezi kutoka Microsoft tangu Windows 10 ilipotoka Julai 2015. Matundu kwenye mfumo yanaendelea kugunduliwa, na watu wema na wahalifu vilevile. Zamani tundu likionekana lilizibwa. Sasa linabaki wazi.

Watu huniuliza tundu lina madhara gani ikiwa kompyuta inafanya kazi vizuri. Chukua kisa cha Mei 2017, cha virusi vilivyoitwa WannaCry. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu lile tangu Machi, miezi miwili kabla. Waliokuwa wameapdeti walisalimika. Wasioapdeti, wengi wao wakiwa na Windows 7, walikuta mafaili yao yamefungwa kwa ufunguo wasiokuwa nao na kioo kinadai malipo. Virusi vile havikungoja mtu abofye kitu, vilihama vyenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa kwa sababu hiyo. Hakuna aliyekaa akapanga kuzidhuru hospitali zile. Zilikuwa na tundu, likaingiwa.

Mtu anayeandika barua zake nyumbani ningemwambia habari hii akae aifikirie taratibu. Wewe sikupi nafasi hiyo, mama, kwa sababu kompyuta ya steshenari haibebi mambo ya mwenyewe. Inabeba ya watu. Kompyuta za steshenari za mji huu huletwa kwangu zikiwa nzito au zimeganda, na ninapokwenda kila mara ni kwenye folda ya Downloads. Hivi karibuni nilifungua moja nikawa nashuka nayo: kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, barua ya mtendaji wa mtaa, fomu ya mkopo yenye sahihi ya mzazi na namba yake ya simu. Kisha mtu mwingine, vilevile vyote. Kisha mwingine, mpaka miaka ya nyuma kabisa. Mteja mmoja aliyekuwa ameingiza WhatsApp yake pale ili aprinti picha alikuwa bado hajatolewa, na meseji zake zinaingia mbele ya macho yangu. Nikamtoa. Yeye hajui mpaka leo, na mwenye duka hakuwa na nia mbaya. Foleni ilikuwa ndefu, akamgeukia anayefuata.

Anayezipata karatasi zile ana kila anachohitaji ili ajifanye ndiye mwenyewe. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika nchini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mwenye steshenari naye anakusanya, tena kuliko ofisi nyingi. Basi jibu la swali lako la kwanza ni kwamba huwezi kubaki na Windows 10 isiyopata apdeti kwenye kompyuta inayoshinda na intaneti na vyeti vya watoto wa watu. Hilo sikuungi mkono hata kidogo.

Lakini Windows 11 ya yule kijana wa Ngamiani nayo hapana.

Bofya kulia kwenye alama ya Start, chagua System, usome mstari wa prosesa. OptiPlex 3020 nyingi zilizofika huku zina Core i5-4590 au i3 ya kundi hilohilo. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: ni 4, maana yake kizazi cha nne cha Intel. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka kizazi cha nane kwenda juu, namba ianze na 8, 9, 10 na kuendelea, kama i5-8500 au i5-10400. Inataka pia TPM 2.0, kisehemu cha ndani kinachotunza funguo za siri za kompyuta, RAM isiyopungua GB 4, na nafasi ya GB 64 kwenye diski. Yako haifiki, kwa kuwa ilitengenezwa kabla ya masharti hayo kuwekwa.

Sasa kijana anaipigaje? Kuna programu ya kutengenezea flashi ya Windows ambayo inaondoa ule ukaguzi wa mwanzo. Njia hiyo inafanya kazi, sitakuficha. Windows 11 itaingia na itawaka. Ila Microsoft wamesema waziwazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata apdeti, zikiwemo za usalama. Kwa hiyo utaacha ulichokizoea ukikimbilia apdeti, ufike kule ukute nazo hazina uhakika. Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Windows za mtaani mara nyingi huwashwa kwa programu za wizi zinazoidanganya kwamba imelipiwa, na programu hizo jambo la kwanza zinalokuagiza ni kuzima antivirusi. Ukishaizima, kinachoingia nazo humo hakuna anayekijua, si wewe, si kijana. Muulize swali moja tu kabla hajagusa kitu: ukimaliza, antivirusi itakuwa imewashwa au imezimwa? Akizungukazunguka, beba kompyuta yako urudi Makorora.

Cha kufanya wiki hii ni kingine. Microsoft wanatoa apdeti za usalama za nyongeza kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uhakikishe imeandikwa 22H2. Kama si hiyo, apdeti kwanza. Halafu nenda Settings, Update & Security, Windows Update, utaona kiungo cha kujiandikisha. Utatakiwa uwe na akaunti ya Microsoft, na ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi chochote. Usipotaka, ni dola 30. Huo ni mpango wa watu binafsi. Kampuni zina wao, dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Nimeona watu hapa mjini wanatajiwa ile bei ya kampuni na kuambiwa ndiyo pekee iliyopo. Siyo.

Ukijiandikisha, Windows 10 yako inabaki vilevile, hakuna kitufe kinachohama, na tundu likigunduliwa linazibwa. Muda huo uutumie kuweka akiba ya kompyuta nyingine. Sikwambii ya boksi. Tafuta iliyotumika ofisini, OptiPlex 3060 au 7060, au HP EliteDesk 800 G4, hizo ni za kizazi cha nane. Stika ya mbele usiiamini, stika hubandikwa. Iwashwe mbele yako, usome namba ya prosesa mwenyewe kama nilivyokuonyesha. Mwambie pia muuzaji afungue ubavu wa kompyuta uangalie ndani. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na mashine iliyokaa karibu na bahari miaka mingi utaiona ina kutu kwenye skrubu na ukungu wa kijani kwenye miguu ya RAM. Hiyo iache.

Kama una pesa kidogo sasa hivi, usizipeleke kwenye Windows, zipeleke kwenye SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Watu wakisema kompyuta imekuwa nzito, mara nyingi kilicho kizito ni ile diski ya zamani inayozunguka. SSD ya SATA ya GB 240 itaifanya 3020 yako ufungue Word kabla mteja hajamaliza kukuelezea anachotaka, na siku ukinunua nyingine unaichomoa unahama nayo.

Kuhusu kuzoea, nakupa moyo kwa sababu nimewahamisha akina mama wengi wa biashara kama yako. Kinachowasumbua siku ya kwanza ni viwili. Alama ya Start imekaa katikati. Unaweza kuirudisha kushoto kwa kubofya kulia kwenye ule mstari wa chini, kuchagua Taskbar settings, na kubadilisha mpangilio uwe kushoto. Cha pili, ukibofya kulia juu ya faili, maneno ya Copy na Paste uliyozoea kuyaona kwenye orodha ndefu yamekuwa vijialama juu au chini ya orodha fupi. Ukikosa ulichozoea bonyeza Show more options, ile orodha ya zamani inarudi yote. Word ni ileile, printa ni ileile, folda ni zilezile. Ombi langu ni moja, usihame Julai maombi ya mkopo yakiwa yamepamba moto. Hama duka likiwa limepoa.

Sasa ile ya Windows 7. Hiyo mwambie mwanao asiipige kitu. Apdeti zake zilikoma tarehe 14 Januari 2020, na kutoka 7 huwezi kwenda 11 moja kwa moja ukabaki na programu zako, lazima kila kitu kifutwe kianzwe upya, na Publisher yako na dereva ya printa vitaondoka. Mashine ile chomoa waya wa intaneti leo, isirudishwe tena. Iwe ya kadi tu. Hapo adui anayebaki ni flashi za wateja, na adui huyo unamjua: mtu anachomeka flashi, mafolda yake yote yamegeuka kuwa shortcut, anashika kichwa anasema kazi yake imepotea. Haijapotea, imefichwa, na ile shortcut ukiibofya ndiyo unayoamsha virusi. Kwa hiyo flashi ya mteja ichomekwe kwenye Windows 10 pekee, ikaguliwe na antivirusi, faili linalohitajika lihamishiwe kwenye flashi moja ya duka, na hiyo ya duka ndiyo pekee inayogusa mashine ya kadi. Iandike kwa wino usiofutika, kijana wa dukani asikosee.

Kuna habari ya Publisher ambayo wenye steshenari wengi bado hawajaisikia. Microsoft wanaiacha kabisa Publisher Oktoba 2026. Ya kwako ya 2010 haitakataa kufunguka, ila hakutakuwa na toleo la kuhamia, na siku mashine ile ikifa, kadi zako za miaka yote zitakuwa kwenye mafaili yasiyo na mwenyewe. LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word na nyinginezo, inaweza kuyafungua mafaili ya Publisher, nimejaribu na kadi za hapa Tanga: maneno yanatoka yote, lakini maua ya pembeni huhama na maandishi ya mtindo wa kupinda hukaa vibaya. Basi anza sasa. Kila kadi unayoipenda ihifadhi pia kama PDF, na zile tatu nne zinazoagizwa sana zitengeneze upya kwenye Word ukiwa na nafasi.

Na OptiPlex 3020 ikifika Oktoba 2026 usiitupe. Mimi huziwekea Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, ni bure, haina masharti ya TPM, na inapata apdeti. Haifai kuwa mashine yako kuu, kwa sababu wateja wanakuletea kazi za Word na wanataka mistari ikatike palepale ilipokatika kwao. LibreOffice inajitahidi: badala ya Times New Roman, Calibri na Cambria kuna fonti mbadala zenye upana uleule wa herufi, hivyo barua na tasnifu nyingi hukaa sawa. Majedwali magumu na maumbo ndiyo yanayoyumba. Lakini kwa kujaza fomu za mtandaoni na kuskani, inakutosha sana, na zile virusi za flashi zilizotengenezewa Windows haziwezi kuendeshwa humo.

Usiku ukifunga duka, kabla hujazima, futa Downloads na uifute na Recycle Bin. Mteja aliyeingiza WhatsApp yake, mtoe akiwa bado amesimama mbele yako.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Muheza. Nina kompyuta ya mezani yenye Windows 7 ambayo naandikia vitendawili na hadithi za Kibondei nilizokusanya kwa wazee, baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Intaneti naitumia mara chache, kwa simu yangu. Siku hizi kila nikiwasha, saa inarudi mwaka 2009, na tovuti zinagoma kufunguka zikisema si salama. Nimeambiwa Windows 7 imekufa, ninunue kompyuta mpya. Pensheni yenyewe unaijua.
Mwalimu mstaafu, Muheza

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usinunue kitu, isipokuwa betri moja.

Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye ubao mkuu, kuna betri ya duara bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuweka saa ikumbukwe wakati umeme umezimwa. Ikiisha, kila unapowasha kompyuta inaanza na tarehe ya kiwandani. Na tovuti hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani tuko 2009 inaona kila cheti bado hakijaanza kutumika, inakataa. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, sukuma kile kilimi cha pembeni betri iruke, weka mpya maandishi yakitazama juu, washa, rekebisha tarehe. Maduka ya saa pale Muheza wanazo. Tovuti nyingi zitafunguka siku hiyohiyo.

Hazitafunguka zote milele. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni namba 109, ya Januari 2023, na tovuti mpya zitazidi kuikataa. Hilo lisikusumbue: magazeti na barua pepe soma kwa simu, ambayo bado inapata apdeti zake. Mambo ya benki na M-Pesa usiyaguse kabisa kwenye kompyuta hiyo. Ukiachana na intaneti, Windows 7 kwa kuandikia ni mfumo mzuri, umeuzoea mkono na macho, na hakuna sababu hata moja ya mzee kuanza kutafuta vitufe upya ili aandike vitendawili.

Kinachonitia wasiwasi kwako, Mwalimu, si Windows. Ni kwamba maneno ya wazee ambao hatuwezi tena kwenda kuwauliza yako kwenye diski moja, ya mashine ya umri huo, kwenye mji ambao umeme ukikatika hurudi kwa kishindo. Diski haitoi taarifa inapokaribia kufa. Naomba ufanye hivi hata kabla ya betri: nakili folda nzima kwenye flashi mbili mpya. Moja iwe kwako. Ya pili mpe mtoto au mjukuu anayekaa nyumba nyingine, bora mji mwingine. Kila ukimaliza hadithi kadhaa, flashi ya kwako iongezee, na akija kukutembelea mbadilishane. Ukiwa na bando, jitumie pia kwa barua pepe, mafaili ya maandishi ni madogo mno. Na yahifadhi kama PDF vilevile, maana Word za zamani husumbua zikifunguliwa na mpya.

Kisha chagua kurasa ulizozihariri vya kutosha, uzipeleke steshenari ziprintiwe na kufungwa. Karatasi haihitaji apdeti.

Ukipita Tanga mjini, ilete mashine niitoe vumbi na kuipima diski. Kwa kazi ya Kibondei sitoi bili.

SWALI: Mambo fundi, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, naenda chuo Dodoma mwaka huu. Mjomba kanipa laptopu yake HP, prosesa i5-8250U, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500, Windows 10. Nimeipima kwa programu ya Microsoft, inasema inafaa Windows 11 na ni bure. Rafiki zangu wanasema nisithubutu, itakuwa nzito nitaichukia. Nifanyeje?
Kijana wa Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe hama, ila si leo na si hivyo ilivyo.

Rafiki zako wameona kweli. GB 4 ndiyo kima cha chini kilichoandikwa, na kwenye GB 4 Windows 11 inawaka, unafungua Chrome, na hapo ndipo inapoanza kuvuta miguu. Lakini tiba si kubaki kwenye Windows 10, kwa sababu unakwenda kukaa na mashine hiyo miaka mitatu au minne ukitumia mtandao wa chuo pamoja na mamia ya wengine, na nimeshamweleza mama wa Makorora hapo juu kinachotokea kompyuta zisizo na viraka zikikaa kwenye mtandao mmoja. Tiba ni vitu viwili: ongeza RAM ifike GB 8, na badilisha diski uweke SSD. Mpelekee fundi aifungue kwanza aone kama kuna nafasi ya pili ya RAM na ni aina gani ya SSD inaingia, ndipo ununue. Ukinunua kabla, utarudi dukani kubadilisha.

Ukishafanya hayo, nakili kazi zako nje, halafu hama kupitia Windows Update yenyewe, bila fundi na bila flashi ya mtu. Inashusha GB kadhaa, kwa hiyo usifanye kwa bando la siku. Tafuta mahali penye Wi-Fi, chomeka chaji, na uiache usiku kucha. Ukihama kwa njia hii mafaili na programu zako zinabaki. Na usipoipenda, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery. Baada ya hapo njia hiyo inafungwa.

Jambo la mwisho ndilo linalowaliza wanafunzi wengi wanaoniletea laptopu. Windows 11 za karibuni, hasa zikipigwa upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, hufunga diski kwa ufunguo wa siri bila kukuuliza. Ni kinga nzuri, laptopu ikiibwa bwenini mwizi hasomi kitu. Lakini siku ubao mkuu ukibadilishwa, au mtu akigusa mipangilio ya TPM, itawaka na kudai namba ya tarakimu 48. Huna namba, huna mafaili, na hakuna fundi Tanga wala Dodoma atakayeyafungua. Namba hiyo huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kwa hiyo akaunti uifungue kwa barua pepe yako mwenyewe, usitumie ya mjomba, na nenosiri lake usilisahau. Kabla hujapanda basi pale Kange, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey, uinakili namba kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu, umsomee mtu akuhakikishie. Karatasi moja iweke na vyeti vyako, nyingine muachie mama nyumbani.